Furu ya umeme inje ya nyumba: mvua si njo adui mukubwa

ULIZO: Jambo ndugu. Mi niko mufinyanzi hapa Bukavu, ku Muhumba, natengeneza vikombe na masahani, mpaka sasa nilikuwa nachomesha ku furu ya mutu mwingine. Sasa nimepata furu (tanuru ya kuchomea udongo) ya umeme ya okazyo kutoka Kigali, ya kilowati 6, ile ya kufungukia juu. Nyumba ni ndogo na niko na watoto, bwana anasema moto ya vile haiingie ndani, njo nafikiri kuiweka nyuma ya nyumba chini ya mabati na kuifunika na shitingi. Lakini mvua yetu munaijua, toka mwezi wa 9 mpaka wa 5. Itadumu ao nitaiua? Na umeme yetu inashukaka sana mangaribi, hiyo nayo ni shida? (Dada wa Muhumba)

JIBU: Dada, inawezekana kabisa. Tena bwana yako ana haki, udongo ukichomwa inatoa gazi mbaya, monoksidi ya kaboni na salfa, afazali iende na upepo kuliko ilale mwenye watoto wanalala.

Sasa sikia, mvua yenye unaona na macho si njo italeta shida kubwa, hiyo mabati itaizuia, mradi paa ipite furu mbali pande zote juu mvua ya huku inakuja na upepo na inapiga ya pembeni. Kinachokula furu ni unyevu wa usiku. Bukavu iko juu, kama metre 1.500, na ziwa iko hapa chini yetu, mchana hewa inajaa maji, usiku baridi inashuka na ile maji inajishika ku kila kitu ya chuma: mwili wa furu, vis, boati ya komandi (kisanduku cha kuongozea moto), na hata mabati yenyewe kwa chini. Kaangalie mabati isiyo na plafon saa kumi na moja ya asubuhi, hata siku mvua haikunyesha, utakuta inatoa jasho na inadondosha. Na matone inaanguka wapi? Juu ya kifuniko ya furu yako. Kwa hiyo tundika bati ya pili chini ya ile ya kwanza, iiname kidogo, na uache hewa ipite katikati. Usiweke triplex wala mbao juu ya furu, ile joto inapanda yote.

Shitingi mi siipendi. Ukiifungia mpaka chini unafunga jasho ndani, furu inaoza ukizani unaichunga. Kama unaitaka kabisa basi iwe kofia tu, ifunike juu, chini kubaki wazi, na uiweke tu kama furu imepoa kabisa.

Zile briki nyeupe za ndani, nyepesi, ziko na matundu madogo madogo na zinakunywa maji kama mukate ndani ya chai. Zikilowa halafu ukapandisha moto mbio, mvuke unatafuta njia na briki inapasuka, na vyombo vyako navyo vinaweza kupasuka. Kwa hiyo kama furu imekaa majuma bila kazi, anza polepole, kifuniko kiinuke vidole viwili, kizibo cha tundu ya juu kitoke, uiache masaa kazaa ku digri 80 ao 85. Na hapa uwe makini na vitabu vya Wazungu, vingi vinasema ukaushe ku 95, lakini ku urefu wetu huu maji inatokota karibu na 95, haifike 100, kwa hiyo ile ya kwao kwetu ni kutokotesha maji ndani ya chombo. Ukisikia mvuke umeisha (weka kioo kidogo mbele ya tundu, kikikosa kushika ukungu ni sawa) njo ufunge na uendelee.

Chini pia, simenti inabeba maji, furu ikae juu ya miguu ya chuma, isiguse chini, na iwe mbali na ukuta kama sentimetre 45. Boati ya komandi, kama ni ile ya kutoa, uitoe na uiingize ndani ya nyumba kila ukimaliza. Rezistansi zenyewe (zile waya za kutoa joto) usiogope sana, ile chuma yao ikichomwa inajitengenezea ngozi ngumu ya alumina inayoilinda, shida inaanzia ku miisho, pale waya inafungwa na vis, kutu ikiingia pale panapata joto na prizi inaungua. Fundi apaangalie mara kwa mara, umeme imekatwa, na asikunje rezistansi ya baridi, inavunjika.

Kuhusu umeme: kilowati 6 ku volti 220 ni ampere 27 hivi, kwa hiyo kabo ya cuivre ya milimetre karé 6 na dijonkteri (kikata umeme) ya ampere 32, ralonji hapana. Volti ikishuka mpaka 190 haupoteze kidogo, unapoteza robo ya nguvu nzima, furu inabaki na kama kilowati 4 na nusu, inaweza kugoma njiani usifike ku joto ya kuyeyusha vernis (ile ngozi ya kungaa ya vyombo). Choma usiku jirani wamelala. Umeme ikikatika katikati usifungue, hata kama unatamani kuona.

Na radi, dada. Watafiti waliohesabu radi kwa satelaiti na kutoa matokeo mwaka 2016 waliweka mashariki ya Kongo ya kwanza Afrika nzima. Furu isiyo kazini uichomoe ku prizi.

ULIZO: Niko Goma, furu yangu iko ku barza. Kila asubuhi nikiiwasha, dijonkteri diferansieli (ile inayokata kama umeme inatoroka) inaruka. Fundi anasema tuitoe tu. (Ndugu wa Himbi)

JIBU: Ndugu, usikubali. Hiyo ya miliampere 30 inaruka juu briki zimelowa na umeme kidogo inatoroka kupitia ile maji kwenda ku chuma. Ukiitoa, siku waya ya tere (ile inayopeleka umeme ya kutoroka ndani ya udongo) itakatika wewe njo utakuwa tere. Fungua kifuniko juani, ama weka ndani balbu ya zamani ya wati 60, ile ya kutoa joto, kifuniko kiwe wazi kidogo, ilale inawaka usiku nzima, na uitoe kabla ya kuchoma. (Dada wa Muhumba, hii nawe ufanye.) Ikikauka na bado inaruka, basi rezistansi inagusa chuma mahali fulani, utafute fundi mwingine mwenye aparei ya kupima izolasyo (kama umeme inatoroka). Na kila siku, kabla ya kuingiza mukono kupanga vyombo, shusha dijonkteri.