Kamera ya mkanda imegoma: itengenezwe au iachwe?

Wasomaji wengi siku hizi wananiuliza jambo moja kwa sura tofauti. Vijana wamerudi kwenye kamera za mkanda, wananunua za mtumba au wanazitoa kabatini kwa wazee, nusu yake zinakuwa na kasoro. Nimechagua maswali yanayofanana na ya wengi.

Shikamoo mzee. Nimenunua Canon AE-1 kwa 150,000. Muuzaji aliapa ni nzima, lakini nyumbani mkono wa kuvutia mkanda umekwama na kitufe kikibonyezwa hakuna kitu. Fundi anataka 80,000 aifungue. Nimpe? (Msomaji, Dar es Salaam)

Marahaba. Usimpe hata shilingi kwa sasa, na huo mkono usiulazimishe. AE-1 bila betri haifanyi kazi kabisa. Kinachoachia shata, lile pazia la kupitisha mwanga, ni sumaku ya umeme, kwa hiyo betri ikifa kamera inabaki imejikoki na mkono hauna pa kwenda. Dalili ni zilezile za kamera iliyovunjika gia, ndiyo maana watu wanalipia matengenezo ambayo hayakuhitajika.

Betri yake ni 4LR44 ya volti 6. Ukiikosa, nenda kwa fundi saa ununue LR44 nne, zile za vidonge, uzipange moja juu ya nyingine zikielekea upande mmoja, uzizungushie karatasi. Zitapungua urefu kama milimita tatu na nusu. Hapo jaza foili iliyokunjwa. Kifuniko cha betri kifungue polepole, ni cha plastiki na wengi wamekivunja kwa ukucha. Kisha bonyeza kitufe cha kupimia betri kilicho juu huku unachungulia: sindano ishuke hadi usawa wa 5.6 au chini yake.

Ikiamka, sikiliza shata. Ikilia kwa mluzi kama mtu mwenye pumu, usiogope. Huo ni ugonjwa maarufu wa AE-1, gia ya kioo cha ndani imekauka mafuta. Tone moja dogo mahali pake linatosha, na kazi hiyo mlipe fundi. Ila akikuonyesha kopo la WD-40, chukua kamera yako uondoke, maana mafuta ya kupuliza yatafika kwenye shata na kwenye visu vya lenzi, vile vibati vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga, na hutayatoa. Na kama betri ni mpya na bado imekaa kimya, mimi ningetafuta mwili mwingine wa AE-1. Zilitengenezwa kwa mamilioni tangu 1976, na lenzi uliyonayo itaingia kwenye huo mwingine bila shida.

Baba alirudi na Zenit-E kutoka Urusi alikosoma. Sindano ya kupimia mwanga imekufa. Nimeambiwa itengenezwe kwanza ndipo niitumie. (Msomaji, Moshi)

Aliyekwambia hivyo haijui Zenit. Kipimo chake ni cha seleniamu, kile kioo chenye vipele juu ya lenzi, kinachozalisha umeme wake chenyewe kutokana na mwanga. Seleniamu ikizeeka au ikipata unyevu inakufa, na kuitafutia spea ni kujisumbua. Habari njema ni kwamba kipimo hicho hakijaungwa na shata wala lenzi. Kilikuwa kinakusomea namba tu, ukizipanga mwenyewe kwa mkono. Kife kisife, kamera inapiga.

Namba zipate kwenye programu ya kupimia mwanga ya simu, au kwa kanuni ya jua: jua likiwaka wazi, weka tundu la lenzi kwenye 16 na shata kwenye kasi iliyo karibu na namba ya mkanda, ile ya ISO. Mkanda wa 200, shata 250, yaani sehemu moja ya 250 ya sekunde. Pakiwa na mawingu shuka hadi 8, kivulini 5.6. Mtu akiwa juani amevaa kofia au amesimama chini ya mwembe, pimia uso wake, usipimie jua lililo nyuma yake. Tumeharibu picha nyingi za harusi kwa kosa hilo. Mkanda wa negativu unavumilia mwanga ukizidi kuliko ukipungua.

Cha kupima ni shata. Fungua mgongo wa kamera bila mkanda, toa lenzi, ielekeze dirishani, urekodi kwa simu video ya mwendo wa pole, ile ya fremu 240 kwa sekunde. Kwenye kasi ya 30 utahesabu fremu nane hivi zenye mwanga, kwenye 60 fremu nne. Ukipata kumi na tano mahali pa nane, shata imelegea au grisi imeganda. Kabla ya kuhukumu, ibonyeze mara nyingi kwanza, kamera iliyolala miaka huchelewa kuamka. Halafu angalia kama mwanga unajaza dirisha lote: upande mmoja ukibaki mweusi kwenye kasi kubwa, pazia moja la shata linalifikia jingine njiani. Hapo kuna kazi ya fundi, na kwa mashine ya namna hii inafaa kulipia, kwa sababu yote ni chemchemi, gia na vitambaa. Hakuna saketi ya kuungua.

Na kama lenzi yake ni Helios, usiiuze kwa bei ya kutupa. Wapiga video wanaitafuta waifunge kwenye kamera za kisasa.

Kuna kakamera kadogo ka kujiendesha, lenzi inatoka nusu inarudi, inatoka nusu inarudi. Inatengenezeka? (Msomaji, Nairobi)

Kwa kifupi, hapana. Humo ndani ni gia za plastiki na utepe wa umeme mwembamba kama karatasi, na viwanda viliacha kutoa spea zamani. Badilisha betri, pangusa mchanga kwenye kingo za lenzi, na ikikataa, basi. Usiifungue kwa udadisi pia: kapasita ya fleshi, kile kifaa cha kuhifadhi umeme, inabeba volti 300 hivi, na inaweza kukupiga hata betri ikiwa mezani.

Marehemu babu alikuwa na studio. Ameniachia Yashica Mat-124G, ile ya lenzi mbili. Nikimulika naona nyuzi nyeupe ndani ya lenzi. Fundi mmoja kasema ni ukungu na kamera imekufa, mwingine anataka 200,000. (Msomaji, Tanga)

Pole kwa msiba. Sasa niambie: nyuzi hizo ziko lenzi ipi?

Hilo ndilo wote wawili walipaswa kukuuliza. Kwenye Yashica Mat, lenzi ya juu ni ya kutazamia tu. Picha inapita kwenye ya chini. Ukungu ukiwa juu, utaona ukungu unapolenga, lakini mkanda hautaujua. Chukua tochi ya simu. Weka shata kwenye B, fungua mgongo, fungua visu hadi 3.5, mtu akushikie kitufe, umulike kutoka nyuma huku unatazama kwa mbele, kwa pembeni kidogo. Ukungu unaonekana kama mizizi inayotawanyika kutoka pembezoni. Vumbi ni nukta nukta, hilo liache lilivyo.

Ukiwa kwenye lenzi ya chini, kuna daraja tatu. Ulio juu ya kioo cha mbele au cha nyuma unafutika kwa dakika chache. Ulio katikati unahitaji vioo vifunguliwe, na fundi mzoefu anaweza. Ulioingia kati ya vioo viwili vilivyogundishwa pamoja, huo achana nao. Hata unaotoka huacha makovu, kwa sababu ukungu unakula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Makovu machache huyaoni pichani isipokuwa ukipiga kuelekea jua, picha ikapauka.

Kwa hiyo piga mkanda mmoja kwanza. Ni picha kumi na mbili tu za mraba. Zikitoka safi, hizo 200,000 zinunulie mikanda. Zikitoka zimepauka zote, lipa bila kinyongo. Lenzi ya Yashica hii haichomoki ukaweka nyingine, na ya babu yako hainunuliki. Ingekuwa Pentax au Canon yenye lenzi ya kuchomoa, ningekwambia tafuta lenzi nyingine, nafuu kuliko kusafisha.

Na uitoe kwenye mkoba wa ngozi. Ngozi inafyonza unyevu wa pwani na kuuweka karibu na kioo. Chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana na vipakiti vya silika, punje za kunyonya unyevu, vinatosha, bora za rangi, zinazobadilika zikishiba ili uzikaushe tena. Zile zilizokaa miezi kwenye kiboksi cha viatu zimeshashiba.

Picha zangu zina mistari ya rangi ya chungwa pembeni. Na mgongo wa kamera una kitu cheusi kinachonata. (Msomaji, Morogoro)

Ni sponji ya kuzuia mwanga imeoza. Kwangua kwa kijiti, malizia kwa pamba yenye spiriti, bandika sponji nyembamba nyeusi yenye gundi au uzi wa sufu mweusi kwenye mifereji. Usilipie fundi kazi hii. Kioo cha ndani usikiguse wala kwa pamba, utando wake wa kung'aa uko juu ya kioo na unatoka.

Minolta X-700 yangu taa za ndani zinawaka vizuri, betri mpya, lakini shata haiachii. Hapa mjini hakuna fundi wa kamera, wapo wa simu tu. (Msomaji, Mwanza)

Huyo wa simu anakutosha. X-700 nyingi zina ugonjwa unaojulikana: kapasita iliyo chini ya bati la kitako inakufa, kamera inajifunga. Ni mikrofaradi 220, na anayebadilisha saketi za simu kila siku hatashindwa. Mwambie tu skrubu za Kijapani zina mchoro wake, bisibisi ya kawaida ya nyota inazila vichwa. Mkubaliane kwamba unalipia kazi ikifanikiwa, akurudishie kapasita ya zamani, na upige picha namba ya kamera kabla hujaiacha.

Mkanda wenyewe ni ghali na wa kusafisha picha ni wachache. Kuna maana gani kutengeneza? (Msomaji, Dar es Salaam)

Piga hesabu ya mikanda kwanza. Anayepiga mmoja kwa mwaka, matengenezo yoyote ni hasara; aazime kamera. Anayepiga mmoja kila mwezi atatumia kwenye mikanda na kusafisha fedha nyingi kuliko atakazompa fundi, na shata mbovu itamharibia zote hizo. Huyo atengeneze. Kwa kulinganisha, Pentax walipotoa kamera mpya ya mkanda mwaka 2024, ile Pentax 17, iliuzwa kama dola 500.

Gharama ya kusafisha unaweza kuipunguza kwa kupiga nyeusi na nyeupe na kusafisha mwenyewe. Shida ya Dar ni joto. HP5, mkanda wa nyeusi na nyeupe, kwenye dawa ya kusafishia ya ID-11 isiyochanganywa na maji huchukua dakika saba na nusu kwa nyuzi joto 20. Maji yetu ya bomba ni ya moto kuliko hapo, muda unakuwa mfupi mno na madoa yanatokea. Changanya dawa na maji nusu kwa nusu, ambapo muda ni dakika 13 kwa nyuzi 20, kisha tumbukiza chupa za dawa kwenye beseni la maji na barafu. Tia kipimajoto ndani ya dawa yenyewe, usikitie kwenye beseni. Ikifika 20, toa chupa, anza.