Bahili Hapandi Ndege Kwenda Pemba

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka tisa, sita, na mdogo ana mwaka na miezi minne. Tunaishi Tabata. Miaka kumi ya ndoa sijawahi kupelekwa popote. Pasaka wenzangu ofisini walikwenda Zanzibar na familia zao, wakarudi na picha nzuri, mimi nikabaki kuwapa hongera. Kikoba chetu kilipovunjwa nikaamua kumfanyia mume wangu sapraizi. Nikachukua hoteli Nungwi, siku nne, mwezi wa sita shule zikifungwa. Ina bwawa la wakubwa na bwawa la watoto. Nikalipa advansi laki saba, ambayo hairudishwi. Nilipomwambia, badala ya kufurahi alinyamaza, halafu akasema hatuendi. Mara boti za Juni zina mawimbi, mara tusubiri Disemba, mara tufikie kwa dada yake Bububu, tena na mama yake tumchukue, maana tunaishi naye. Shangazi, mama mkwe kwenye bwawa! Nungwi anasema hapapendi tu, sababu hatoi. Mume wangu ni Mpemba wa Wete na ubahili wake umenishinda. Hata kwao tangu tuoane amekwenda mara mbili tu, peke yake, kwa ndege, anasema watoto bado wadogo. Mama yake alifiwa na mdogo wake kwenye ile meli ya 2011, lakini hayo ni ya zamani na hayahusiani na haya. Nafikiria niende na watoto wangu peke yetu. Nishauri. — Mama Watatu, Tabata."

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hiyo laki saba. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani nikaiweka mezani.

Unasema mumeo bahili. Haya, tuufuate huo ubahili wake. Mtu wa Wete anayeishi Dar, akitaka kwenda kwao kwa bei ya chini, anapanda boti mpaka Unguja, pale anachukua nyingine ya Pemba. Wapemba wote unaowaona Kariakoo ndivyo wanavyokwenda kula Idi kwao, na jahazi lingekuwepo la bei nafuu zaidi wangelipanda. Mumeo yeye anakata tiketi ya ndege. Mara mbili. Bahili gani huyo anayelipa mara kadhaa ya nauli ya boti ili apite juu ya maji badala ya kupita kwenye maji? Na wewe umeyaandika haya kwa mkono wako, mstari mmoja baada ya neno "ubahili", wala hukushtuka.

Kisha ukanitupia ile meli ya 2011 kama mtu anayetupa ganda la ndizi. "Hayahusiani na haya."

Mwanangu, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Idi ilikuwa imepita siku chache tu, familia zilikuwa zinarudi makwao na watoto. Mamia ya watu walikufa usiku ule, na kuna walionusurika kwa kung'ang'ania magodoro. Maiti zikapangwa kwenye viwanja vya Maisara ili watu wapite watambue wa kwao. Unajua ilizama wapi? Mkondo wa Nungwi. Nungwi hiyo hiyo uliyoilipia bwawa.

Haijatimia hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikitokea hapa kwetu Dar ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari imechafuka kwa upepo. Julai, mwanangu. Kusi, ule upepo wa kusini. Sasa rudi usome maneno ya mumeo: "Boti za Juni zina mawimbi." "Tusubiri Disemba." "Nungwi sipapendi." Wewe umeyasikia kama visingizio vitatu vya mwanamume asiyetaka kutoa hela. Mimi nimesikia jambo moja, limesemwa mara tatu na mtu asiyeweza kulitaja kwa jina lake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wewe umemfungia ung'ongo kwa karatasi ya zawadi, ukasema sapraizi.

Sisemi nina hakika. Mimi si mpiga ramli, na boti za mwendo kasi za leo si meli ile. Maelfu ya watu wanavuka salama kwa saa mbili wakitazama filamu. Lakini hofu ya mtu haisomi ratiba ya boti. Na yeye ni mwanamume wa kwetu huku pwani, aliyelelewa akiambiwa mwanamume halii. Ulitaka akuambie nini? "Mke wangu, naogopa bahari"? Mpemba? Watu wangemcheka mpaka bandari ya Mkoani huko kwao.

Na hata kama hana hofu yoyote, kuhusu Juni amesema kweli. Niliwahi kuvuka mwezi wa saba na wanangu wawili, wakiwa na umri kama wa hao wako wakubwa, kwa ujeuri kama wako. Mpaka tunaipita Mbudya watoto wanacheka. Dakika ishirini baadaye boti ikaanza kupanda na kushuka, mhudumu akapita akigawa vimfuko, na mimi nikajidai sisi watu wa Tanga hatuhitaji. Mwanangu wa kiume akatapika chai ya maziwa na maandazi mawili kwenye kanzu nyeupe ya mzee aliyekaa pembeni yetu. Nilitamani sakafu ipasuke. Yule mzee akatoa leso, akamfuta mtoto mdomo kwanza, ndipo akajifuta mwenyewe. Na wewe una mtoto wa mwaka na miezi minne, ambaye ukimuuliza "unasikia kichefuchefu?" atakujibu kwa vitendo.

Tuje kwenye hiyo hoteli. Nimehesabu: bwawa umelitaja mara tatu. Watoto wanapenda nini, hukulitaja hata mara moja. Yule wa miaka tisa anaijua bahari? Wa miaka sita anaogopa maji? Sijui, na nina wasiwasi barua ile haikuwa inawahusu. Walioiandika barua ile ni "wenzangu ofisini." Wao ndio waliochagua hoteli, wao ndio waliochagua mwezi, na wao ndio watakaotazama picha. Umekwenda kulipia bwawa kwenye kisiwa kilichozungukwa na bahari pande zote! Ingawa hapo nikutendee haki: kwa kuogelea tu, Nungwi hukukosea. Ungekwenda upande wa mashariki, Paje au Jambiani, maji yakitoka ungetembea na watoto mpaka mchoke hamjafika kwenye kina, mkipishana na kina mama wa mwani wameinama kwenye vigingi vyao wakiwashangaa. Kaskazini maji hayakimbii hivyo. Pahala ni pazuri. Ila si pazuri kwa kila mtu.

Wasomaji wangu, mniruhusu nitoke kidogo kwenye barua. Hizi sapraizi mmezitoa wapi? Zamani mtu akitaka kumpeleka mumewe safari aliianza kuitia maneno miezi mitatu kabla, usiku, taa imezimwa: "Hivi baba fulani, watoto wakifunga shule tufanyeje?" Ikazungumzwa, ikakataliwa, ikarudishwa, ikapikwa mpaka ikaiva. Sisi likizo yetu ilikuwa basi la Pangani kwa bibi, na tulirudi na nazi, maembe na vipele vya mbu, na hakuna aliyetupiga picha. Leo mke analipa kimya kimya, mume anaambiwa mbele ya watoto ili ashindwe kukataa, na akikataa anakuwa mbaya. Wanaume nanyi mnafanya hivyo hivyo, msicheke: mtu ananunua kiwanja Kigamboni kwa sapraizi, kumbe mkewe alishatoa ile fedha kwa ada. Mnalala kitanda kimoja, kila mmoja na mwanga wa simu usoni, mnajua nani kapost nini akiwa Dubai, lakini mwenzako aliye kushoto hujui usiku anaota nini. Ndoa ya miaka kumi! Turudi Tabata kabla sijapandwa na presha.

Mama mkwe. Sisi Tanga tunamwita mavyaa, na neno lenyewe lina uzito. Umenipigia yowe: mama mkwe kwenye bwawa! Nani kakuambia anataka kuingia kwenye bwawa? Huyu ni mama mtu mzima, anaishi kwako, binti yake yuko Bububu, na pengine hajamwona muda mrefu. Na wewe una mtoto ambaye bado anabebwa. Nikuulize, siku nne hizo nani atamshika wakati wewe unapigwa picha? Dada wa kazi hukumtaja kwenye hesabu ya vitanda. Mavyaa wako atakaa kivulini na kitenge chake, mjukuu kalala miguuni, wewe uko majini na wakubwa mpaka vidole vikunjane. Ungejua likizo yako yenyewe ni yule mama, ungemkatia tiketi ya kwanza kabla ya yako.

Kwa wifi ndipo nakuunga mkono, na mumeo akisoma hapa anisikie vizuri. Baba, mwanamke akifikia kwa wifi yake hajaenda likizo, kahamisha jiko. Ataamka alfajiri asionekane mvivu, atakuna nazi, ataosha vyombo vya wageni waliokuja kumwona yeye. Na jioni atasikia kwa mlango wa pili kwamba pilau yake haikukolea bizari. Bububu mkaenda mchana, mkala, mkacheka, watoto wakajua shangazi yao. Usiku mkalala kwenu.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Kuhusu kwenda na watoto peke yako, futa. Ukivuka mkondo na watoto wake watatu bila ridhaa yake, mwezi wa kusi, yeye kabaki Tabata anatazama saa mpaka ujumbe wa "tumefika" uingie, hata mimi sitakutetea.

Kesho asubuhi ipigie simu hoteli. Usiombe fedha irudi, umeshasema hairudi. Omba tarehe isogezwe Disemba, shule zikifungwa tena. Wakikubali, vizuri. Wakikataa, laki saba imekwenda, ihesabu ni ada ya shule ambayo ulipaswa kuisoma kabla ya kuolewa.

Salio ulilokuwa ukalimalizie hotelini usiliguse. Litie kwenye tiketi za ndege, na lisipotosha mna miezi sita ya kuongezea. Dar mpaka Unguja ni kama dakika ishirini angani, mtoto hajamaliza biskuti mmetua. Mdogo Disemba atakuwa hajatimiza miaka miwili, kwa hiyo atapakatwa na nauli yake itakuwa ndogo. Disemba ni kaskazi, upepo wa kaskazini, bahari imetulia, na mumeo akitaka boti atasema mwenyewe. Usimshawishi.

Mkifika, laleni mjini kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, vyumba viwili, kimoja cha bibi na wakubwa. Jioni Forodhani. Wapeleke mapema, jua halijazama, wawaone vijana wa makachu wanavyojirusha baharini kutoka ukutani, mwingine kichwa chini, mwingine amekunja miguu kama chura. Wa miaka tisa hatazungumza kitu kingine wiki nzima. Mnunulie urojo na juisi ya miwa, ukae ubishane bei ya mishikaki kama Mswahili, maana wakikusikia unachanganya Kiingereza utalipa ya mgeni. Siku nyingine msitu wa Jozani, kwenye kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu. Wanakaa karibu na watu bila wasiwasi, lakini mkanye wa miaka sita asiwaguse wala asiwape chakula. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, wale ambao wa kwanza waliletwa kutoka Seychelles mwaka 1919, watoto wanawapenda mno, ila kule ni kwa mashua ndogo. Hiyo iache. Baba yao akiamka siku moja akasema "twendeni kwa kobe", vaa viatu uingie mashuani usiseme neno. Nungwi nayo ni hivyo hivyo, ndiyo maana nimekuambia tarehe uisogeze na si kuifuta.

Kabla ya yote hayo, ipo kazi ya usiku wa leo. Watoto wakishalala, mwambie kwanza habari ya kikoba: zilikuwa ngapi, zimebaki ngapi. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Halafu muulize habari ya yule aliyekwenda na meli. Umeniandikia "mdogo wake" basi, wala sijui alikuwa wa kiume au wa kike. Kwa mumeo ni mjomba au ni mama mdogo? Alikuwa anaitwa nani? Nachelea hata wewe huna jibu. Usimuulize anaogopa nini. Muulize habari za mtu huyo, alikuwa anacheka vipi, alikuwa anafanya kazi gani, kisha unyamaze, hata akikaa kimya nusu saa. Simu iache sebuleni.

Na viatu vya plastiki vya watoto, vile vyenye mkanda wa nyuma, vinunue Kariakoo mapema. Kwenye miamba kuna wale wadudu weusi wa miiba, na mwiba ukishavunjikia unyayoni, likizo imekwisha.