Chama cha utamaduni Ujerumani: anzeni na katiba, ngoma ifuate

Vikundi vingi vya Waafrika Mashariki huku Ujerumani huanza na kundi la WhatsApp na mchango wa msiba. Ni jambo jema, liendelee. Ila mkiomba ukumbi wa shule au fedha za darasa la Kiswahili la watoto, manispaa itauliza kwanza kama chama kimesajiliwa. Na kwa asiye na uraia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, ambaye hapa hapigi kura hata ya halmashauri, chama chenye herufi e.V. (yaani chama kilichosajiliwa) ni mojawapo ya njia chache za kusikika mjini.

Sheria inataka wanachama 7 wakati wa kusajili. Tafuteni 9 au 10, maana kuna atakayehama na kuna atakayechoka. Katiba itaje jina, makao, lengo, kwamba chama kitasajiliwa, namna ya kuingia na kutoka, ada, uongozi, na jinsi mkutano mkuu unavyoitishwa. Ikishawekwa tarehe na sahihi za watu 7, viongozi huthibitishiwa sahihi zao za maombi kwa notari, kisha nyaraka zinakwenda Amtsgericht, mahakama ya mwanzo inayotunza rejista ya vyama.

Panapokwama sana ni Finanzamt (ofisi ya kodi), mnapoomba hadhi ya manufaa ya umma. Bila hadhi hiyo hamwezi kutoa hati za michango ambazo mchangiaji huzitumia kupunguziwa kodi, na ruzuku nyingi hamtazigusa. Kosa la kwanza liko kwenye kifungu cha kuvunja chama. Kikisema wanachama watagawana kilichobaki, maombi yamekufa. Mali lazima iende kwa taasisi nyingine yenye hadhi hiyohiyo au itumike kwa manufaa ya umma.

Kosa la pili ni msiba wenyewe, na hapa tunaomba msikilize kwa makini. Kuchangishana kumsafirisha marehemu nyumbani ni utu, lakini kwa sheria ya kodi hayo ni manufaa ya wanachama wao kwa wao. Msiyaandike kama lengo la chama. Mfuko wa msiba uwe na akaunti yake, daftari lake na mtunzaji wake. Msiazime hata euro 200 kutoka akaunti ya chama mkisema zitarudi wiki ijayo, kwani fedha zikitumika nje ya lengo, hadhi yenyewe inaweza kuondolewa.

Kwenye lengo andikeni kukuza sanaa na utamaduni, na maelewano kati ya mataifa, kisha mseme mtafanya nini hasa: darasa la Kiswahili, mafunzo ya ngoma, usomaji wa hadithi maktabani. Maneno ya lazima yako kwenye kiambatisho cha kifungu cha 60 cha Abgabenordnung (sheria kuu ya kodi), yanakilini yalivyo. Rasimu itumeni Finanzamt kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Kurekebisha baadaye ni mkutano mwingine na notari tena.

Uanachama uwe wazi kwa yeyote anayekubali lengo. Mjerumani aliyewahi kufanya kazi Moshi au Kisumu anaweza kuwa mweka hazina hodari, na mlango wa ofisi za mji anaujua. Mkiwa Würzburg, mji uliofungamana na Mwanza tangu 1966, au Hamburg, iliyofungamana na Dar es Salaam tangu 2010, bisheni hodi kwa wanaosimamia uhusiano huo.

Interkulturelle Woche, wiki ya tamaduni mbalimbali, hufanyika mwishoni mwa Septemba, na mizizi yake ni ya 1975. Pilau na ngoma siku moja hazitoshi: watu watakula, watapiga makofi, wataondoka. Ingieni kwenye kamati ya maandalizi miezi kadhaa kabla, kwa sababu huko ndiko kumbi na fedha zinakopangwa. Muziki wa hadharani, hata wa spika na simu, uandikisheni mapema GEMA, shirika linalokusanya malipo ya watunzi wa muziki. Mkiuza bia, ulizeni mji kuhusu kibali cha muda. Na kabla barua ya ruzuku haijafika, msinunue kitu wala kusaini mkataba, kwani gharama za kabla ya idhini kwa kawaida hazilipwi.

Uongozi ukibadilika, pelekeni muhtasari wa mkutano kwa notari wiki ileile. Rejista ikibaki na jina la mwenyekiti aliyekwisha kurudi Dodoma, benki itawakatalia viongozi wapya, na mwalimu wa darasa la watoto atakaa bila malipo.