Re: Keki inaungua juu, katikati mbichi

Habari dada. Kama keki kwa nyuzi 180 za Selsiasi inaungua juu na katikati inabaki mbichi, mimi ningeshuku themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto la oveni. Oveni yangu ya umeme ilikuwa hivyohivyo. Anza na mpira wa mlango, usiwe umepasuka. Kisha weka kipimajoto cha oveni kwenye rafu ya waya ya katikati, washa 180, subiri nusu saa. Soma kupitia kioo mara nne, kila dakika 10, utafute wastani, maana joto hupanda na kushuka themostati ikikata na kuwaka. Usiamini kipimo kimoja! Yangu ilizidi nyuzi 25, sasa naweka 155 na keki zinaiva vizuri sana.

Huna kipimajoto? Sukari nyeupe huyeyuka kwenye 186 hivi. Weka kijiko kimoja kwenye foili, 175, dakika 15. Ikiyeyuka, oveni imezidisha. Ya gesi sijawahi kuirekebisha.