Maswali na majibu: Chanzo hiki kinanukulika?

Msimamizi wa utafiti wangu amekataa marejeo niliyopewa na akili unde, anasema hayapo. Ningejuaje mapema?

Chukua DOI, namba ya kuitambulisha makala inayoanza na 10., uiandike baada ya doi.org/ kwenye kivinjari. Ikigoma, au ikifungua makala nyingine kabisa, ingia shaka. Kama hakuna DOI (makala nyingi za zamani hazina), nenda kwenye tovuti ya jarida, fungua juzuu na toleo lililotajwa, uone kurasa hizo zina makala ya nani. Uongo hukwama hapo. Kutafuta jina la mwandishi tu hakutoshi, maana mara nyingi mwandishi yupo kweli na jarida lipo kweli. Makala ndiyo haijawahi kuandikwa.

Jarida lina ISSN na linaahidi waandishi kuwachapishia ndani ya siku 4. Ninukuu makala yake?

ISSN ni tarakimu 8 za kulitambulisha jarida, hazipimi ubora. Na siku 4? Makala isomwe na wahakiki, irudi kwa mwandishi, irekebishwe: hizo ni wiki kadhaa, aghalabu miezi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Litafute kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, au AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kama ni la Afrika. Lisipokuwemo usilihukumu papo hapo, kwani DOAJ haipokei majarida ya kulipia kusoma. Chagua majina mawili ya bodi ya wahariri, kisha uone kama kurasa zao za chuoni zinalitaja jarida hilo. Wapo wanaowekwa kwenye bodi bila wenyewe kujua.

Tovuti inaishia na .org. Basi ni ya kuaminika?

Yeyote anaweza kununua .org. Ile .ac.tz ya vyuo vya Tanzania ina masharti, ila hata humo utakuta slaidi za darasani.

Nina PDF ya makala ya The Lancet, jarida maarufu la tiba. Bado nihakiki?

Ndiyo. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998, iliyohusisha chanjo ya MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubela) na usonji kwa kuangalia watoto 12 tu, ilitoka humohumo. Jarida likaibatilisha 2010. PDF uliyotumiwa WhatsApp yaweza kuwa nakala ya kabla ya hapo, isiyo na tangazo lolote la kubatilishwa. Fungua ukurasa wa makala kwa DOI, utazame karibu na kichwa kama kuna tangazo hilo. Ikiwa imebatilishwa na bado unaihitaji, tuseme unaandika kuhusu hofu ya chanjo, inukuu, ila useme wazi kwenye marejeo kwamba ilibatilishwa na mwaka gani.