Maswali na Majibu: Miti Mikongwe ya Fairy Creek

Tangu niandike kuhusu mgogoro wa ukataji wa miti mikongwe katika bonde la Fairy Creek, kusini mwa kisiwa cha Vancouver huko Kanada, wasomaji wameniletea maswali mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Msitu wa mvua unawezaje kuwepo Kanada, nchi ya theluji?

Kinachoupa msitu jina hilo ni mvua, si joto. Mawingu yanayotoka Bahari ya Pasifiki hukutana na milima ya pwani na kumwaga maji sehemu kubwa ya mwaka. Mji mdogo wa Port Renfrew, ulio jirani na bonde hilo, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Moto ni nadra katika unyevunyevu huo, na ndiyo maana kuna mierezi yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000.

Kwetu Mufindi, miti ya shamba la Sao Hill huvunwa na kupandwa upya. Kwa nini wao wasipande tu?

Wanapanda, na sheria za jimbo la British Columbia zinamtaka anayevuna ahakikishe kuwa miti inaota tena. Lakini kinachoota ni shamba la miti, na tofauti yake na msitu huonekana hata kwa mtu ambaye hakusoma elimu ya mimea. Tazama gogo moja la mwerezi lililoanguka lenyewe: hulala chini kwa miaka mamia likioza polepole, na mgongoni mwake miche huota kwa mstari, mizizi ikilikumbatia gogo ili iufikie udongo; gogo likishamalizika, miti hubaki imesimama safu moja, mizizi yake ikiwa imeinuka juu ya uwazi ambapo zamani palikuwa na gogo. Juu kabisa, kwenye matawi mapana yaliyofunikwa na kuvumwani, yuko ndege mdogo wa baharini asiyejenga kiota, ambaye hutaga yai moja tu juu ya zulia hilo laini. Mti wa miaka 60 hauna tawi la namna hiyo. Pwani ya jimbo hilo, msitu huhesabiwa kuwa mkongwe miti yake inapozidi miaka 250, ilhali mashamba ya miti huvunwa tena kabla ya kufika miaka 100. Kwa hiyo msitu mkongwe ukishakatwa, mpango wenyewe wa uvunaji hauupi muda wa kurudi tena.

Wenyeji wa asili wanasemaje? Nimesoma kuwa waliwafukuza wanaharakati.

Swali hili linastahili jibu la uangalifu, kwa sababu wengi hulirahisisha. Bonde hilo limo katika ardhi ya asili ya taifa la Pacheedaht. Wanaharakati walianza kuziba barabara za magogo mwezi Agosti 2020, na mwezi Aprili 2021 viongozi wa Pacheedaht walitangaza kwamba hawakuomba msaada wa watu wa nje, na kwamba uamuzi kuhusu misitu yao ni wao wenyewe. Hata hivyo, Bill Jones, mmoja wa wazee wa taifa hilohilo, aliwakaribisha wanaharakati na kusimama nao.

Yapo mambo mawili ambayo ni lazima yajulikane. Kwanza, Pacheedaht wana hisa katika leseni ya uvunaji na wana kiwanda chao cha kupasua mbao, yaani msitu huo ni ajira ya vijana wao. Pili, mkataba wao na serikali ya jimbo kuhusu mgawo wa mapato ya misitu ulikuwa na kifungu kinachowazuia kuunga mkono vitendo vya kukwamisha uvunaji ulioidhinishwa. Mimi naona si haki kumwekea mtu kifungu cha namna hiyo, kisha ukimya wake ukasomwa kama ridhaa.

Mwezi Juni 2021, Pacheedaht pamoja na mataifa ya Ditidaht na Huu-ay-aht waliitaka serikali iahirishe kwa miaka 2 ukataji wa miti mikongwe ya Fairy Creek na ya sehemu ya kati ya bonde jirani la Walbran, jumla ya takriban hekta 2,000. Serikali ilikubali.

Waliokamatwa walifungwa?

Wachache walifungwa. Mahakama ilitoa amri ya kuzuia watu kuziba barabara hizo, kwa maombi ya Teal-Jones, kampuni ya mbao iliyokuwa na leseni ya kuvuna huko, mwezi Aprili 2021, na polisi wakaanza kuitekeleza mwezi uliofuata. Watu walijilaza barabarani, mkono mmoja ukiwa umefungwa ndani ya bomba lililozikwa ardhini, na polisi wakalazimika kuchimba ili kuwatoa. Waliokamatwa walizidi 1,100, wengi kuliko wale waliokamatwa mwaka 1993 wakipinga ukataji wa miti huko Clayoquot Sound, kwenye kisiwa hichohicho. Mwaka 2023 hakimu alimwachia mshtakiwa mmoja kwa kuwa polisi hawakumsomea amri hiyo inavyotakiwa, na baada ya hapo upande wa mashtaka uliziondoa kesi nyingi zinazofanana na hiyo.

Je, kuna mahali walipopatana?

Ndiyo, kaskazini zaidi kwenye pwani hiyohiyo, katika msitu wa Great Bear wenye hekta milioni 6.4. Makubaliano ya mwaka 2016 kati ya serikali, mataifa ya wenyeji, kampuni za mbao na watetezi wa mazingira yaliweka asilimia 85 ya misitu hiyo nje ya uvunaji wa kibiashara. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba miaka kadhaa kabla ya hapo ulikuwa umeundwa mfuko wa dola milioni 120 za Kanada kwa ajili ya uhifadhi na miradi ya kiuchumi ya wenyeji, hivyo walipoamua kuacha miti isimame hawakuwa wanachagua njaa. Ahirisho la Fairy Creek limeongezwa muda tangu 2021, lakini limebaki kuwa ahirisho, na kila muda wake unapokaribia kuisha Pacheedaht hurudi mezani kujadili mierezi ileile.