Ukitaka kuufuata msimu wa Formula 3, usiikose Ijumaa

Wapenzi wengi wa langalanga huniuliza waanzie wapi wakitaka kuwajua madereva chipukizi mapema, kabla majina yao hayajasambaa. Jibu langu ni moja: shika msimu mmoja wa Formula 3, mbio za vijana zilizo ngazi mbili chini ya Formula 1, uufuate mwanzo hadi mwisho, na kila wikiendi anza kutazama Ijumaa. Ninaishi kaskazini mwa Italia, uwanja wa mbio wa Monza hauko mbali nami, na katika miaka ya kuzifuatilia mbio hizi nimeona wageni wengi wakija Jumapili tu, kisha wanashangaa mbona aliyeshinda juzi leo haonekani.

Ukiielewa ratiba, mshangao unaisha. Magari ni 30, timu kumi zenye madereva watatu watatu, na wote wanaendesha gari la aina ileile: bodi ya Dallara, injini ya Mecachrome, tairi za Pirelli. Ijumaa wanapewa dakika 45 za mazoezi, halafu nusu saa ya kusaka nafasi za kuanzia. Jumamosi ni mbio fupi, na hapo wale 12 wa juu wa Ijumaa hupinduliwa: wa 12 anaanza mbele kabisa, aliyekuwa wa kwanza anaanza wa 12. Mshindi wa siku hiyo anaondoka na pointi 10. Jumapili ndipo wanapojipanga kama walivyofuzu Ijumaa, na mshindi anapata 25, wa tatu 15. Kwa hiyo kijana aliyemaliza wa tatu Jumapili, bila kombe kubwa wala kelele, amevuna kuliko yule uliyemshangilia Jumamosi.

Ndivyo Leonardo Fornaroli wa Piacenza alivyotwaa ubingwa wa mwaka 2024 akiwa na timu ya Trident. Hakushinda mbio hata moja msimu mzima! Alifuzu vizuri, akaleta gari nyumbani likiwa zima, akakusanya pointi raundi baada ya raundi. Mambo yakaamuliwa Monza, kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, alipompita Christian Mansell na kumaliza wa tatu. Wapo waliosema ubingwa wa namna ile ni wa bahati. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mbio 20, vijana 30 wenye magari sawa, kila mmoja anapigania ajira ya maisha yake. Humo bahati haimfikishi mtu kileleni. Mwaka uliofuata akachukua na ubingwa wa Formula 2.

Oscar Piastri naye, mwaka 2020, alikuwa bingwa wa Formula 3 bila kufuzu wa kwanza hata mara moja. Alimzidi Théo Pourchaire kwa pointi 3 na Logan Sargeant kwa pointi 4. Nakushauri uwe na daftari. Andika kila dereva alifuzu wa ngapi na alimaliza wa ngapi Jumapili. Baada ya raundi nne au tano utaanza kuwaona watu ambao hata mtangazaji hawataji.

Ukipata nafasi ya kwenda uwanjani Ijumaa moja tu, iwe Monza. Njia zake zimenyooka sana, na anayekimbia nyuma ya mwenzake anakingwa upepo, hivyo hakuna anayetaka kutangulia. Mwaka 2019 walijivuta na kuviziana hadi madereva 17 wakaadhibiwa kwa kwenda polepole kupita kiasi. Kaa karibu na Parabolica, ile kona ya mwisho, uone wanavyogeuza vichwa kutazama nani atakubali kuongoza.

Walio Nairobi au Dar es Salaam wakumbuke kwamba raundi za Ulaya Jumapili huwa mapema, aghalabu saa mbili na nusu hivi asubuhi kwa saa za Italia, maana yake saa tatu na nusu kwenu. Ukisubiri mchana umechelewa.

Kwa wazazi wanaoniandikia wakiota mtoto wao aingie huku, nasema bila kuficha: ni ghali mno. Msimu mmoja wa Formula 3 unaweza kula zaidi ya euro milioni moja. Na leseni ya Formula 1 inadai pointi 40 za leseni, si zile za mbio, ndani ya misimu mitatu, wakati bingwa wa Formula 3 anapewa 30. Hatari nayo ipo. Dilano van 't Hoff alikuwa na miaka 18 alipofariki kwenye uwanja wa Spa, Ubelgiji, mwezi Julai 2023, katika mbio za Formula Regional, ngazi iliyo chini ya Formula 3, zilizoendeshwa katika mvua. Mvua ikinyesha, mbele hakuonekani kitu kwa maji yanayorushwa na tairi. Waamuzi wakisimamisha mbio, tafadhali usizomee.

Na kama unaishi Italia au jirani, usiwasubiri wafike Formula 3. Nenda viwanja vya Imola, Mugello au Misano kunapokuwa na Formula 4 ya Italia, ngazi ya chini zaidi. Kiingilio ni kidogo sana ukilinganisha na Formula 1, na unaweza kuwaona vijana kwa karibu. Andrea Kimi Antonelli alikuwa bingwa wa hapo mwaka 2022. Mwaka 2025 alikuwa tayari kwenye gari la Mercedes katika Formula 1. Mbio zikiisha, usikimbilie jukwaa la washindi. Elekea gereji za timu, umtafute kijana aliyemaliza wa saba au wa nane, utazame anavyozungumza na fundi wake.